Miwani na lenzi za macho za mtandaoni: vipimo vya kujua kabla hujalipa

Fundi Vioo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kukata na kufunga vioo vya miwani hapa Dar es Salaam, na siku hizi wengi wanaofika mezani kwangu hawaji kununua, bali wanaleta miwani waliyoiagiza mtandaoni wakiomba irekebishwe. Wengine miwani yao inateleza hadi ncha ya pua, wengine wanaumwa kichwa kila wanapoivaa, na wapo ambao vioo vyao vimetengenezwa kwa namba zilezile za daktari na bado hawaoni sawasawa. Kwa kuwa maswali yao yanafanana, nimeona niyajibu hapa kwa pamoja.

Sipingi ununuzi wa mtandaoni, kwa sababu bei huwa nafuu na fremu ni nyingi kuliko duka lolote la Kariakoo linavyoweza kuweka rafuni. Ninachosema ni kwamba picha ya fremu kwenye uso wa mwanamitindo haikuambii lolote kuhusu uso wako, ilhali namba tatu zilizochapwa upande wa ndani wa mkono wa miwani, pamoja na umbali kati ya mboni zako, zinakuambia karibu kila kitu. Ndiyo maana sitagusa kabisa habari za uso wa duara na uso wa pembe nne ambazo kila duka la mtandaoni hupenda kuzieleza. Hayo ni mambo ya mapambo, na kioo cha nyumbani kwako kinayamudu.

Nianze na karatasi ya vipimo. OD ni jicho la kulia na OS ni la kushoto. SPH ndiyo nguvu kuu ya kioo: alama ya kutoa ni ya mtu asiyeona vizuri mbali, na alama ya kujumlisha ni ya mtu ambaye shida yake kubwa huwa ni ya karibu. CYL na AXIS huandikwa kwa mwenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo mpindo wake si sawa pande zote: CYL ni nguvu ya kulirekebisha, na AXIS ni pembe kati ya 1 na 180 inayoonyesha kioo kilale vipi. ADD ni nguvu ya nyongeza ya kusomea, ambayo kwa kawaida huanza kuhitajika mtu anapokaribia au kupita miaka 40. Hapa pana mtego mmoja: CYL inaweza kuandikwa kwa alama ya kutoa au ya kujumlisha na kioo kikawa kilekile, kwa mfano −2.00 / −1.00 × 180 ni sawasawa na −3.00 / +1.00 × 90. Kwa hiyo ukijaza fomu ya duka, nakili namba zote kama zilivyo pamoja na alama zake, na usibadilishe alama ya CYL peke yake eti kwa kuwa fomu inaanza na alama nyingine, maana hapo SPH na AXIS nazo zingepaswa kubadilika.

Sasa tufike kwenye PD, yaani umbali kati ya katikati ya mboni moja na katikati ya mboni nyingine kwa milimita. Kwa watu wazima wengi umbali huu huangukia kati ya 54 na 74, na hiyo ni tofauti ya sentimita mbili nzima. Asiyejua yake huandika 63 kwa sababu ameambiwa ndiyo wastani, lakini wastani si uso wa mtu yeyote. Kioo chenye nguvu kina kitovu chake, na jicho lisipokuwa nyuma ya kitovu hicho mwanga hupindishwa upande, jambo ambalo wataalamu huliita prizimu. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha nguvu ya kioo kwa ukubwa wa kosa katika sentimita. Mwenye −1.00 kioo chake kikikaa kando kwa milimita 3 anapata prizimu ya 0.3, na huenda asihisi chochote, lakini mwenye −6.00 kwa kosa hilohilo anapata 1.8 kwa kila jicho, na macho yake yatashinda yakivutana siku nzima. Ndiyo maana mtu mwenye namba ndogo hununua ovyo akafurahi, kisha akamshauri mwenye namba kubwa afanye hivyohivyo.

Ukiwa huna mtu wa kukupimia kwa chombo, rula ya milimita na mwenzako mtulivu wanatosha. Kaeni mkitazamana kwa umbali wa kama sentimita 40. Mwenzako afumbe jicho lake la kulia, nawe utazame jicho lake la kushoto huku akiweka sifuri ya rula chini ya katikati ya mboni yako ya kulia. Kisha, bila kusogeza rula wala kichwa, afumbe la kushoto na kufumbua la kulia, nawe uhamishie macho huko, ndipo asome namba iliyo chini ya mboni yako ya kushoto. Kwa kuwa macho yetu mengi ni ya kahawia iliyokolea na mboni haionekani kirahisi, ni sahihi pia kupima kutoka ukingo wa nje wa duara jeusi la jicho la kulia hadi ukingo wa ndani wa duara la jicho la kushoto, na jibu litakuwa lilelile. Rudieni mpaka namba itulie. Programu za simu zinazotaka ushike kadi ya benki usoni nazo si ushirikina: kadi hizo zote zina upana wa milimita 85.6, kama ilivyo kadi ya NIDA, na programu huitumia kama rula.

Namba tatu za fremu huandikwa mfano 52-18-140. Ya kwanza ni upana wa kioo kimoja, ya pili ni daraja linalokaa juu ya pua, ya tatu ni urefu wa mkono hadi ncha yake. Jumlisha mbili za kwanza, upate 70. Huo ndio umbali kati ya vitovu vya matundu ya fremu. Kama PD yako ni 62, kila kioo itabidi kitovu chake kisogezwe ndani milimita 4, na kwa mwenye namba ya kutoa hiyo maana yake ni ukingo wa nje kuwa mnene. Mwenye namba kubwa basi atafute fremu ambayo jumla yake inakaribia PD yake, na vioo visiwe vikubwa. Upana wa fremu nzima hauchapwi kwenye mkono, ila muuzaji makini huutaja. Ulinganishe na upana wa miwani yako ya zamani inayokukaa vizuri, ukipima kutoka bawaba hadi bawaba. Kama muuzaji hautaji na hajibu anapoulizwa, hamia duka jingine.

Jambo linalosahaulika zaidi ni pua. Fremu nyingi za plastiki zimechongwa kwa pua yenye daraja la juu na jembamba, na wengi wetu pua zetu daraja lake ni la chini na pana. Matokeo yake miwani inakaa juu ya mashavu badala ya pua, inapanda mtu anapocheka, kope zinagusa vioo, na jasho la Februari linamalizia kazi. Tafuteni fremu zenye vishikio vya pua vinavyopindika, ambavyo fundi yeyote anaweza kuvifinya au kuvipanua, au fremu za daraja la chini ambazo wauzaji wengine huziita za Kiasia. Fremu ya plastiki ya asetati hulainika kwa joto na mikono yake hupindishwa nyuma ya sikio kadiri unavyotaka, lakini zile nyepesi zinazonesa zinazoitwa TR90 hazirekebishiki kwa urahisi, kwa hiyo hizo ni ama zikukae tangu mwanzo au uziache.

Kuhusu aina za vioo nitapita haraka. Hutajwa kwa namba inayoonyesha kioo kinavyopinda mwanga: kioo cha kawaida cha plastiki ni 1.50, polikaboneti ni 1.59, kisha kuna 1.60, 1.67 na 1.74, na namba ikipanda kioo huwa chembamba. Hadi −2.00 au −3.00 hakuna haja ya kulipia 1.67, kwa sababu utaongeza pesa na kupunguza usafi wa picha: kioo cha 1.50 hakitawanyi rangi sana, ila polikaboneti na vile vyembamba mno huonyesha vijirangi vya upinde wa mvua pembezoni. Kwa watoto chagueni polikaboneti bila kujadili, kwa sababu haivunjiki kirahisi. Vioo vinavyogeuka vyeusi juani vinafaa, ila mjue kwamba ndani ya gari havigeuki sana kwa kuwa kioo cha mbele huzuia miale inayoviamsha, na kwenye joto kali la pwani havikolei kama vinavyokolea Arusha asubuhi. Vioo vya kuchuja mwanga wa buluu sivitetei. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2023 na Cochrane, shirika la kupitia tafiti za tiba, hayakuona kwamba vinapunguza uchovu wa macho wa kompyuta vikilinganishwa na vioo vya kawaida.

Lenzi za macho, zile zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, nitazieleza mtakapouliza, kwa sababu kanuni zake ni tofauti kabisa.

Binti Kisauni

Ahsante fundi kwa maelezo yaliyotulia. Mimi nipo Mombasa na nataka kumwagizia mama miwani ile ya kuonea mbali juu na kusomea chini isiyo na mstari katikati. Karatasi yake anayo, PD wameiandika, na fremu nimeshaiona. Je, kuna kinachokosekana?

Fundi Vioo

Dada, kinachokosekana ndicho kikubwa, nacho ni kimo. Kioo cha aina hiyo kina njia nyembamba inayoshuka kutoka nguvu ya mbali hadi nguvu ya kusomea, na lazima mwanzo wa njia hiyo ukae mbele ya mboni ya mama akiwa amevaa fremu ileile, si fremu inayofanana nayo. Kipimo hicho huchukuliwa kwa kalamu juu ya kioo cha maonyesho fremu ikiwa imesharekebishwa puani. Duka la mtandaoni likikosa kimo hicho hukisia, na likikosea kwa milimita chache mama atalazimika kuinua kidevu ili asome au kukiinamisha ili aone ngazi. PD nayo kwa kioo hiki iwe ya kila jicho peke yake, kutoka katikati ya pua, kwa sababu nyuso nyingi si sawa pande mbili.

Ushauri wangu ni kwamba uagize fremu tupu, yenye kioo cha kimo kisichopungua milimita 30 hivi, kisha mama akafungiwe vioo hapohapo Mombasa akiwa ameketi mbele ya fundi. Mnaweza kusema najipendelea kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na sitabisha. Kama anachotaka ni miwani ya kusomea tu, hiyo agiza mtandaoni bila wasiwasi, ila utumie PD ya karibu, ambayo kwa kawaida hupungua kwa kama milimita 3 kutoka ile ya mbali.

Mwalimu wa Hesabu

Mkuu, nakuheshimu, lakini ninyi wenye maduka mna sababu ya kututisha. Nimevaa miwani ya mtandaoni kwa muda mrefu na sijaona tofauti yoyote isipokuwa ya bei. Kama fomu inachukua namba nami nazijaza sawasawa, mashine ya huko Asia itashindwa vipi kukata kile ambacho mashine yako inakata?

Fundi Vioo

Mwalimu, swali lako ni la haki, na mashine zao huenda ni mpya kuliko yangu. Tatizo haliko kwenye mashine bali kwenye ukaguzi baada ya mashine. Mwaka 2011 watafiti wa macho nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuagiza miwani kutoka kwa wauzaji wa mtandaoni; kati ya miwani 154 waliyopokea na kuipima, asilimia 44.8 ilikuwa na kasoro angalau moja, ama katika namba za vioo au katika uimara wake dhidi ya kugongwa. Ni utafiti wa zamani na wauzaji wengi wameboreka tangu wakati huo, lakini unaeleza kwa nini wewe unaweza kuwa na furaha na jirani yako akalalamika, na wote wawili mkawa mnasema kweli.

Njia ya kumaliza ubishi ni kupima. Miwani ikifika, ipeleke duka lolote lenye lensomita, yaani chombo cha kusoma nguvu ya kioo, uombe wakusomee namba na umbali kati ya vitovu. Ni kazi ya dakika chache na wengi hutoza kidogo au hawatozi. Kwa kiwango cha Marekani cha ANSI Z80.1, kioo kisichozidi nguvu ya 6.50 hakitakiwi kupishana na cheti chako cha vipimo kwa zaidi ya 0.13, na umbali wa vitovu usipishane kwa zaidi ya milimita 2.5. Ukiwa na namba hizo mkononi, malalamiko yako kwa muuzaji yana uzito. Ukisema tu kwamba unahisi kizunguzungu, atakujibu uivae wiki mbili utazoea, na pengine ni kweli utazoea, lakini hutajua ulichozoea ni nini.

Msafiri wa Minneapolis

Kwa ndugu walioko Marekani kama mimi: sheria hapa inamlazimu daktari kukupa cheti cha miwani baada ya kukupima hata kama hukukiomba, na cheti cha lenzi za macho vivyo hivyo baada ya kukamilisha kukupimia lenzi. PD, hata hivyo, haimo katika kile ambacho sheria ya shirikisho inamlazimu akiandike, na maduka mengine hukataa kuitoa yakijua unataka kununua kwingine. Mimi niliipima nyumbani kwa rula, kisha duka lililonitengenezea miwani ya baadaye likapata namba ileile.

Fundi Vioo

Vizuri sana, mkuu. Hapa kwetu tatizo ni la namna nyingine: mpimaji huacha kuiandika kwa sababu miwani yatengenezwa chumba cha pili na fundi ataipima mwenyewe. Ombeni iandikwe mkiwa bado kwenye kiti. Mtu aliyetoka kukupima macho hakosi chombo cha kuipimia.

Nuru ya Sinza

Fundi, ndoa yangu ni mwezi ujao na mpambaji amenishauri nivae lenzi za rangi ya asali. Ameniambia ataniagizia mtandaoni kwa kuwa mimi macho yangu ni mazima na sihitaji namba yoyote, au nitumie jozi aliyo nayo saluni ambayo huisafisha kila baada ya bibi harusi. Nimesoma uzi huu nikaingiwa na shaka. Naomba uniambie ukweli.

Fundi Vioo

Hongera kwa ndoa, dada yangu, na shaka yako ni ya mahali pake. Jozi ya saluni usiiguse. Lenzi ni kifaa cha mtu mmoja, na hakuna usafishaji wa saluni unaoifanya ifae jicho la mtu wa pili, kwa kuwa vijidudu hukaa ndani ya lenzi na ndani ya kikopo chake. Hili halina upande wa pili wa kujadili.

Kuhusu kuagiza, kwanza tuondoe dhana kwamba lenzi isiyo na namba haina kipimo. Miwani inakaa mbele ya jicho kwa milimita 12 hivi, lakini lenzi inakaa juu ya konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho ambayo haina mishipa ya damu na hupata hewa yake ya oksijeni kutoka nje kupitia machozi. Kwa hiyo kila lenzi, hata ya 0.00, ina BC, yaani mviringo wa mgongo wake, mara nyingi 8.4 au 8.6, na ina DIA, yaani upana wake, kwa kawaida kati ya 13.8 na 14.5. Lenzi ikiwa imekaza haisogei mtu anapopepesa, machozi hayapiti chini yake na konea inakosa hewa. Ikiwa imelegea inahamahama na kukwaruza. Mtaalamu huiweka lenzi jichoni, husubiri itulie, kisha huitazama kwa darubini ya macho jinsi inavyocheza. Hakuna rula wala programu ya simu inayofanya kazi hiyo. Na msidanganywe na namba peke yake, kwa sababu lenzi mbili za kampuni tofauti zenye 8.6 zaweza kukaa jichoni kwa namna tofauti kutokana na ugumu wa malighafi.

Ndiyo maana nasema lenzi mtandaoni hununuliwa mara ya pili, si mara ya kwanza. Ya kwanza upimwe, ufundishwe kuvaa na kuvua, upewe cheti chenye jina la lenzi, BC, DIA na nguvu. Baada ya hapo kuagiza lenzi hiyohiyo kwa bei nafuu ni haki yako, ilimradi usikubali muuzaji akikubadilishia aina kwa maneno kwamba ni zilezile. Nchini Marekani tangu mwaka 2005 hata lenzi za urembo zisizo na nguvu huhesabiwa kuwa kifaa tiba na hazipaswi kuuzwa bila cheti, na Uingereza nayo inataka ziuzwe chini ya usimamizi wa mtaalamu aliyesajiliwa. Hapa Tanzania vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ila kurasa za mitandao ya kijamii zinazouza lenzi pamoja na kope za bandia hazina habari hiyo.

Kwa siku moja ya harusi, kama utapimwa na kukutwa unafaa, omba lenzi za rangi za siku moja, uzivae na kuzitupa usiku huohuo. Pakiti yake iwe imefungwa, ionyeshe namba ya toleo, tarehe ya mwisho, BC, DIA na nguvu. Vaa lenzi kabla ya kupakwa vipodozi na uzivue kabla ya kuviosha, na usilale nazo hata kama ukumbi utafungwa alfajiri.

Mwalimu wa Hesabu

Hapo kwenye nguvu ya lenzi nina swali la kweli, si la ubishi. Miwani yangu ni −6.00. Je, lenzi niagize −6.00?

Fundi Vioo

Hapana, Mwalimu. Kwa kuwa lenzi iko karibu zaidi na jicho, nguvu ya kutoa hupungua na ya kujumlisha huongezeka. Gawanya 6.00 kwa 1.072, ambayo ni moja jumlisha zao la 0.012 na 6, utapata 5.60, na lenzi ya karibu inayouzwa ni −5.50. Kwa −10.00 jibu ni takriban −9.00, tofauti ya nguvu nzima. Mwenye chini ya 4.00 haoni tofauti ya maana. Mwenye astigmatizimu ana kazi zaidi, kwa kuwa lenzi zake mara nyingi hutengenezwa kwa CYL chache tu kama −0.75, −1.25 na −1.75, na AXIS za kurukaruka kwa kumi, kwa hiyo ni mpimaji atakayeamua ipi inakaribia.

Mwana wa Ng'ambo, Unguja

Assalaam alaykum. Mimi nimeshapimwa na ninavaa lenzi za mwezi mmoja. Swali langu ni kuhusu udhu: natia maji usoni mara tano kwa siku, na nimesikia maji ni adui wa lenzi. Nifanyeje?

Fundi Vioo

Wa alaykum salaam, sheikh. Ulichosikia ni sahihi. Katika maji ya bomba, ya kisima na ya simtanki huweza kuwamo kijidudu kiitwacho Acanthamoeba, ambacho kikinaswa kati ya lenzi na konea huleta kidonda kigumu kutibika na chenye maumivu makali. Maradhi yenyewe ni nadra, lakini wengi wanaoyapata ni wavaa lenzi. Wakati wa kuosha uso fumba macho sawasawa na uyafute kwa kitambaa safi kabla ya kuyafumbua. Kuosha ndani ya jicho si sehemu ya udhu, kwa hiyo hakuna unachopunguza. Bahari na kuoga ni habari nyingine, hapo zivue. Ukimudu gharama, hamia lenzi za siku moja, kwa sababu hazihitaji kikopo, na kikopo ndicho chumba cha vijidudu. Ukibaki na za mwezi, dawa ya jana imwagwe yote, isiongezewe juu, lenzi isuguliwe kiganjani kwa dawa yake hata kama chupa imeandikwa kwamba haihitaji kusuguliwa, na kikopo kibadilishwe kila miezi mitatu. Maji ya chumvi ya dukani husuuza tu, hayaui chochote.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likikataa mwanga au kuona ukungu, vua lenzi, usiirudishe, na nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo ukiwa na lenzi na kikopo chake mkononi, ili vipimwe. Usinunue matone duka la dawa kwa kukisia, hasa yenye steroidi, maana yanaweza kutuliza wekundu huku kidonda kikiendelea.

Dereva wa Chalinze

Wakuu, naomba kusaidiwa uchaguzi. PD yangu ni 68, macho yote −7.00 bila CYL, na upana wa miwani yangu ya sasa bawaba hadi bawaba ni 138. Nimepata fremu tatu: 56-16-145 yenye upana wa 141, 46-20-140 yenye upana wa 126, na 50-20-145 yenye upana wa 137. Ya kwanza ndiyo niipendayo kwa sura. Naendesha usiku.

Fundi Vioo

Umeuliza kama mtu aliyesoma uzi, mkuu. Ya pili iondoe: kwa upana wa 126 itakubana kwenye panja, mikono itaachama na miwani itasukumwa mbele, halafu jumla yake ni 66, pungufu ya PD yako, kwa hiyo macho yatakaa upande wa nje ya katikati ya tundu na utaonekana kama umevaa ya mtoto.

Ya kwanza jumla yake ni 72, kila kioo kinasogea ndani milimita 2, na kutoka kitovu hadi ukingo wa nje ni milimita 30. Kwa hesabu ya haraka, kioo cha 1.60 ukingoni kitakuwa na unene unaokaribia milimita 7. Ya tatu jumla ni 70, kinasogea milimita 1, hadi ukingo ni 26, na unene unashuka hadi milimita 5 na nusu hivi, ukitumia 1.67 unakaribia 5. Hiyo ndiyo ningeichukua, yenye 1.60 kama pesa ni ya kuhesabu, na uongeze upako wa kuzuia mng'ao kwa sababu taa za malori usiku huakisiwa zaidi na vioo vyembamba. Rangi ya kivuli usiweke kabisa kwa ajili ya usiku. Kama bado moyo uko kwa ile ya kwanza, itafute hiyohiyo katika saizi ndogo. Fremu nyingi hutoka kwa saizi mbili, na muuzaji huonyesha moja tu kwenye picha.

Dereva wa Chalinze

Nimemwandikia muuzaji, amesema ipo ya 52-18 yenye upana wa 138. Jumla ni 70 kama ile ya tatu.

Fundi Vioo

Basi agiza hiyo. Hadi ukingo itakuwa milimita 27, na tofauti yake na ile ya tatu hutaiona kwa macho. Mwambie PD ni 68 ya mbali, na mzigo ukifika upite kwenye lensomita kabla hujaanza safari nayo.